Viti vya Upande wa Baba

Ujumbe wa sauti ulinikuta ndani ya basi la kampuni, tumetoka kazini, watu wamelala midomo wazi na mikoba mapajani. Nikaona ni shemeji. Nikasema moyoni, huyu naye, leo ndiyo amekumbuka kwamba kesho ni kesho. Nikaweka simu sikioni nikiwa tayari kumsuta.

"Sista," alisema, na nyuma yake nikasikia sauti ya mwanamke wa uwanja wa ndege akiita abiria. "Sista, naomba umwambie mke wangu asinisubiri kesho. Kazi iliisha tangu mwezi uliopita. Visa wameifuta. Sikuweza kumwambia akiwa katika hali ile. Kwetu mtu hasimami mbele ya watu na mikono mitupu akataja majina ya baba zake. Naenda zangu. Mwambie pole."

Ikaisha hapo. Nikaurudia ule ujumbe mara sijui ngapi, nikitafuta ndani yake kitu kimoja tu, jina la mtoto, na halikuwemo. Nikamwita shemeji neno ambalo siwezi kuliandika hapa. Mama mmoja aliyeketi kando yangu akafungua jicho moja, akaniangalia, akalifunga tena.

Nieleze huyu shemeji ni nani. Si wa damu. Ni mume wa rafiki yangu, na wote wawili ni Waghana wa Accra. Rafiki yangu tulikutana kazini, kule Freezone karibu na uwanja wa ndege, kwenye kijichumba cha kupikia chai. Mimi na yeye ndio tulikuwa tunapikia mabosi chai na kusafisha ofisi za juu, na mume wake alikuwa chini kwenye ghala, anaendesha ile mashine ya kuinua mizigo, na wa ghalani walikuwa na mlango wao na zamu zao, sisi wa juu hatukuwaona. Tuliongea Kiingereza chetu cha Dubai, kile cha kuokoteza, na hapa nitakiandika kwa Kiswahili kwa sababu ndicho ninachokumbukia mambo. Alinifundisha kupika wali wao wa nyanya. Nikamfundisha kutukana kwa Kikuyu, na alikuwa mwanafunzi hodari.

Alipopata mimba aliniambia kabla ya mume wake. Na tumbo lilipokuwa kubwa akaanza kunieleza habari za siku ya nane, nami nikawa namcheka. Siku ya nane ya nini? Kwetu Nyeri jina halina mjadala. Msichana wa kwanza ni nyanya mzaa baba, wa pili ni nyanya mzaa mama, na kadhalika. Mtoto anazaliwa jina lake likiwa tayari limemngoja. Hakuna mtu wa kuamshwa alfajiri kwa ajili ya hilo.

"Nyinyi mna haraka," aliniambia. "Kwetu mtoto siku saba za kwanza ni mgeni. Hajaamua kama atakaa. Hatolewi nje, haitwi chochote. Akivuka, siku ya nane alfajiri nyumba ya baba inakuja kumpa jina, na hapo ndipo anakuwa mtu wa mahali."

"Na nyumba ya baba isipokuja?"

Hakucheka. Akaweka kikombe chini. Akanieleza kwamba kila nyumba kwao ina majina yake, yamepangwa, msichana wa kwanza hili, wa pili lile, na mtu akilisikia jina lako anajua umetoka nyumba gani. Yeye mwenyewe alilijua jina la binti yake. Mume wake alimwambia zamani, enzi za uchumba. Lakini hakuwa na ruhusa ya kulitamka, maana lile jina si lake, ni la nyumba ya mume, na kulichukua mwenyewe ni sawa na kuingia shamba la watu na kuvuna.

"Na huyu mtoto lazima apokelewe kule," akasema. "Wewe unajua kwa nini."

Nilijua. Likizo yake ya uzazi ilikuwa fupi. Kitanda alichokodi ndani ya chumba cha wanawake sita hakikuwa mahali pa mtoto, na mama yake mzazi hayupo duniani. Mpango ulikuwa mtoto aende Accra kwa bibi mzaa baba, alelewe kule, yeye arudi kwenye vikombe vya chai na atume pesa. Tayari yule bibi alikuwa hampendi, tangu ndoa yao ya ofisi ya msajili, isiyo na wazee. Alikuwa ameshatoa neno lake kwa simu: mtoto akija na jina letu, ni wetu. Akija bila jina, sina habari naye.

Kwa hiyo lile ndilo lililokuwa likiniunguza kwenye basi. Jina lile lilikuwa nyumba ya mtoto, maziwa ya mtoto, mahali pa kulaza kichwa. Na mtu pekee mwenye haki ya kulitoa alikuwa amefunga mkanda wa kiti cha ndege.

Nilimpigia. Haikuita. Nikamwandikia: "Shemeji, tuma jina tu." Nikamwandikia tena: "Sikuombi kitu kingine, neno moja." Nikamwandikia matusi nikayafuta, nikaandika tafadhali. Alama ikabaki ile moja, ya ujumbe uliotoka lakini haujafika.

Mtu ataniuliza kwa nini sikumpigia rafiki yangu palepale. Aki nyinyi, unamwambiaje kwa simu mwanamke mwenye mshono wa upasuaji tumboni kwamba mume wake amemtoroka? Mume alikuwa amemdanganya kwamba wiki ile yuko zamu ya usiku na simu haziruhusiwi ghalani, naye aliamini, kwa sababu nani asingetaka kuamini. Nikajiambia nitaenda mapema kabla ya watu, nitamwita kando, nitamshika mkono, nitasema. Mimi si mtu wa kuzungusha maneno. Kazini wananiita pilipili.

Shughuli ilikuwa Deira, mitaa miwili kutoka ninapolala, katika nyumba ya mzee wa kago. Huyo ni Mghana wa siku nyingi anayefunga mizigo ya watu, mafriji na magodoro, anaipeleka Accra kwa meli. Waghana wa pale wakifiwa ndiye msemaji, wakigombana ndiye hakimu, na mtoto akizaliwa ndiye anaitwa. Yeye na mkewe ndio waliompa rafiki yangu chumba tangu atoke hospitali.

Nilitoka kukiwa bado giza. Ilikuwa Agosti, na yeyote aliyekaa Dubai Agosti anajua ile hewa ya alfajiri, nzito, ya moto, inayokulowesha kabla hujafika kona. Nilifika mlangoni nguo imenigandia mgongoni na maneno yangu nimeyapanga vizuri kabisa.

Wapi! Nilikuta nyumba imejaa. Wanawake wamevaa nyeupe tupu, wanaume wameegemea kuta, vitanda vimetolewa sebuleni, viti vya plastiki vimepangwa. Nikaenda moja kwa moja kwenye mlango wa chumba. Mke wa mzee, mama mnene mwenye sauti ya amri, akanizuia na mkono.

"Anavishwa. Haonwi mpaka aitwe."

"Mama, nina neno naye. La haraka."

"Maneno baadaye." Kisha akaniangalia vizuri, akanitambua. "Wewe si yule anayefanya kazi na baba mtoto?"

"Ni mimi."

"Amekutuma?"

Na mimi, mjinga wa mwisho, nikajibu ukweli. "Amenituma."

Uso wa yule mama ukafunguka. Akaishika mikono yangu yote miwili akaitikisa, akasema asante, asante, Mungu ni mwema. Sikuelewa asante ya nini. Nikadhani labda ni adabu zao. Kutoka ndani ya chumba nikasikia sauti ya rafiki yangu ikiuliza kitu kwa lugha yao, na yule mama akamjibu kwa furaha kupitia mlangoni, halafu nikasikia rafiki yangu akicheka. Kilikuwa kicheko cha mtu aliyetua mzigo, na wakati ule nilifikiri tu, masikini, hajui.

Nikasema basi, nitakaa karibu na mlango, akitoka nimdake. Viti vilikuwa safu mbili zilizotazamana. Safu moja imejaa hadi watu wanakaliana. Nyingine tupu kabisa, na AC iko juu yake inapuliza. Nikashangaa watu wenyewe hawaioni AC. Kwetu Kenya ukienda sherehe, MC anasimama na kubembeleza, jameni viti viko mbele, songeni mbele, na anayesonga anashukuriwa. Nikasonga mbele. Nikakaa katikati ya ile safu tupu, nikapanua mikono kidogo hewa ipite.

Wanawake wa ng'ambo wakaanza kupiga makofi, polepole, wakinitabasamia. Mmoja akainuka akaniletea maji, akainama kunipa. Nikajisemea, kweli Waghana wana heshima kwa wageni. Nikayanywa yote kwa mkupuo.

Ni kijana mmoja mwanamume, mpishi wa hotelini, aliyekuja kunisalimia kwa Kiingereza chepesi, ndiye aliyenifumbua macho. Aliniambia, "Tulikuwa na wasiwasi, sista. Mtu wa upande wa baba asipokaa hapo, mzee haanzi. Ni vizuri ameleta mtu, hata kama anachelewa yeye."

Wueh.

Nilikuwa nimekaa kwenye viti vya ukoo. Ile safu ilikuwa tupu kwa sababu ni ya nyumba ya baba, na nyumba ya baba haikuwa na mtu Dubai ila yeye. Watu walikuwa wamekuja alfajiri ile na hofu moja mioyoni, kwamba safu itabaki tupu, na mimi nikaijaza kwa sababu ya joto. Kule chumbani rafiki yangu alikuwa ameambiwa kwamba upande wa mume wake umefika. Ndiyo maana alicheka.

Nikainuka nusu. Wakati huohuo mzee wa kago akaingia na bakuli la maji, nguo nyeupe imefungwa begani, na kila mtu akasimama. Nikawa nimesimama pamoja nao, na nikakaa pamoja nao. Nafasi ikapita hivyohivyo.

Mzee alisema maneno marefu kwa lugha yao, akimwaga maji kidogo kidogo sakafuni, na kila alipokata, watu wote wakaitikia kwa pamoja, kama amina yetu, "Hiao!" Kwa ajili yangu akawa anatia Kiingereza hapa na pale, akiniangalia mimi, mwakilishi. Nilikuwa nimeshika simu chini ya mkoba, naitazama kila akigeuza uso. Alama moja. Nikamwomba Mungu ile ndege itue. Sijawahi kuomba kwa nguvu namna ile hata kwa ajili ya watoto wangu mwenyewe, na ninao wawili nimewaacha kwa dada yangu, na bado nawalilia.

Mlango wa chumba ukafunguliwa. Mke wa mzee akatoka na mtoto. Rafiki yangu akabaki kizingitini, amevaa nyeupe, shanga shingoni, amejipaka poda, mkono mmoja juu ya mshono. Macho yake yakatafuta mlango wa nje kwanza. Kisha yakaniona mimi nilipokaa, na akanitikisia kichwa, asante, kwa midomo tu. Nikainamisha uso.

Kwao mtoto analazwa chini, kwenye ardhi ya nyumba, na maji yanarushwa juu ya paa ili yamdondokee kama mvua yake ya kwanza. Deira hakuna ardhi wala paa la mtu. Wakafungua mlango wa baraza, ile ndogo ya kuanikia nguo, wakamvua mtoto shuka, wakamlaza uchi juu ya vigae. Nilitaka kuruka. Mzee akarusha maji kwenye dari mara tatu, matone yakamwangukia tumboni na usoni, na yule binti akapiga ukelele uliowaamsha, nadhani, Wahindi wa ghorofa ya juu na ya chini.

Mzee akageuka kwangu. Akanyoosha mkono kumwonyesha mtoto.

"Mgeni yuko chini," akasema. "Jua linakaribia. Nyumba ya baba, mnamwitaje, ili ainuke?"

Watu wote walinitazama. Mtoto alikuwa analia, mikono inatetemeka hewani, akishika pasipo kitu. Nilimtazama mpishi aliyekaa ng'ambo, naye akanitingishia kichwa kunitia moyo. Nikainama kumchukua mtoto, kwa kweli sikufikiri, mikono ilijiendea yenyewe, na mke wa mzee akanishika kiwiko. "Bado. Jina kwanza."

Nikatoa simu waziwazi, sikujali tena. Na pale mbele ya macho yangu ile alama moja ikawa mbili. Ametua! Zikageuka rangi ya buluu, moja baada ya nyingine, jumbe zangu zote, ule wa tafadhali na ule wa neno moja. Amesoma. Juu kabisa ikatokea kwamba anaandika. Nikasema, kwa sauti, kwa Kiswahili, "Andika, baba, andika." Ikakoma. Ikaanza tena. Ikakoma.

"Dada," mzee akasema.

Basi nikasema. "Mzee, nisamehe. Mimi si wa nyumba yao. Mimi ni Mkenya, Mkikuyu. Nilikaa hapa kwa sababu ya AC."

Mtu mmoja nyuma alicheka, kicheko kifupi kilichomtoka bila kutaka, na kikafia hapohapo. Mzee hakucheka. Alinitazama, halafu akatazama viti vitupu kuume na kushoto kwangu.

"Lakini umesema amekutuma."

"Amenituma nimwambie mkewe asimsubiri. Amesafiri jana. Kazi iliisha."

Nilisema nikitazama vigae, ndivyo nilivyokuwa jasiri, mimi pilipili. Wanawake wa ng'ambo walitoa sauti ya chini, ile inayotoka mtu akipigwa. Mtoto alilia. Sikusikia chochote kutoka kizingitini, na hilo ndilo liliniogopesha nikainua macho.

Rafiki yangu hakuwa ameanguka. Alikuwa amesimama vilevile, mkono kwenye mshono, lakini uso wote ulikuwa umemtoka, hakubaki mtu pale, ni poda tu. Nilimjua yule mwanamke. Niliwahi kumwona bosi akimfokea kwa sababu ya sukari, na akakoroga chai mpaka mwisho bila kikombe kugonga sahani. Sikuwahi kumwona vile.

"Ameacha jina?" mzee akauliza, polepole sana.

Kabla sijajibu simu ikatetemeka mkononi mwangu. Kila mtu aliisikia.

Rafiki yangu akaja. Alitembea akijishikilia ukutani, watu wakampisha, akapita kando ya mtoto wake bila kumwangalia, nadhani angemwangalia asingeweza kufika. Akanyoosha mkono.

"Ni yeye?"

"Ni yeye."

"Nipe."

Nikampa kabla ya kusoma. Akasoma yeye. Ilikuwa fupi, maana macho yake hayakusogea sana. Kisha akainua kichwa, akamtazama mzee, na akatamka jina. Alilitamka kwa sauti safi, ya wazi, silabi moja moja, na nikaona vichwa vya wazee wawili upande wa pili vikiinuka, kwa kulitambua.

"Limeandikwa hapo?" mzee akauliza.

"Limeandikwa."

"Binti yangu," mzee akasema, na sauti yake haikuwa ya ukali, "wewe ni mama. Mama hawezi kulitaja jina la nyumba ya baba. Unajua hivyo. Leo nitapiga simu Accra niwaambie wale watu kwamba jina limetolewa mbele yangu, na lazima niseme limetolewa na nani." Akanigeukia. "Wewe ndiye uliyetumwa, na ndiye uliyekaa kile kiti, uwe Mkikuyu uwe nani. Msomee mtoto."

Rafiki yangu akanirudishia simu. Vidole vyake vilikuwa baridi. Hakunikonyeza, hakunibana mkono, hakunipa ishara yoyote. Alinitazama tu, na katika maisha yangu hakuna mtu aliyewahi kuniomba kitu namna ile.

Nikatazama kioo. Kilikuwa kimeandikwa: "Sista niache. Usinitafute tena."

Niliyasoma maneno yale. Nikafikiria bibi mmoja Accra ambaye simjui, ameketi na simu yake. Nikamfikiria na yule mwanamume akitoka uwanja wa ndege na begi moja. Angeulizwa, angesemaje? Angesimama mbele ya watu wake aseme hapana, binti yangu sikumpa jina, nilimwacha chini kwenye vigae nikakimbia? Nilimchukia kiasi cha kujua kwamba hatathubutu. Na rafiki yangu, aliyelala naye na kumpenda, alikuwa amelijua hilo kabla yangu, katika ule muda mfupi wa kusoma.

Mtoto alikuwa amechoka kulia. Alikuwa anatoa kwikwi tu, na midomo ilikuwa imebadilika rangi.

Nikaishika simu mbele ya uso wangu kama mtu anayesoma, na nikalisoma lile jina. Ulimi ukakwama katikati, maana halikuwa la kwetu, nikalirudia tangu mwanzo.

"Ndilo lililotoka nyumbani kwa baba?" mzee akauliza.

"Ndilo."

Alinikazia macho kwa muda. Hakuiomba simu. Mkono wake ulikuwa mtupu, ilikuwa hatua moja tu auinue aiombe, na hakuuinua. Nafikiri alijua. Akainama taratibu, magoti yakilia, akamwinua binti kutoka kwenye vigae, akamwita jina lake sikioni, akamtia tone la maji ulimini na chembe ya chumvi. Watu wakaitikia kwa kishindo. Wanawake wakaanza kuimba. Mpishi akaanza kugawa kile kinywaji chao cha mahindi, kichachu, kinakaribiana na uji wetu wa kuchachusha, na mimi nikapewa kwanza, kikombe kikubwa, kwa heshima ya kiti. Kila mtu alikuja kumwita mtoto jina lake na kunishika mkono mimi, na kila aliyenishika nilitamani anizabe kofi.

Nilipotafuta rafiki yangu kwa macho, hakuwepo. Mke wa mzee akanipakata mtoto, amefungwa nguo nyeupe mpya, akaninong'oneza, "Mfuate. Mimi sitaweza."

Alikuwa amejifungia bafuni. Alikuwa amefungua bomba lote la maji, na juu ya sauti ya maji nikamsikia. Sijui kueleza ile sauti. Haikuwa kilio cha kuomba mtu aje. Ilikuwa ya chini, ya tumboni, mahali penyewe paliposhonwa, na ilikuwa inapanda. Kule sebuleni nyimbo zilikuwa zimefika mwisho, watu wanapumzika kidogo, na ukuta wa nyumba za Deira ni ubao mtupu. Mzee wa kago alikuwa ameshatoa simu yake anatafuta namba ya Accra. Wangemsikia wote, na yule bibi angemsikia, na wangejua kwamba hakuna jina lililotumwa.

Nikauegemeza mgongo wangu kwenye ule mlango. Nikamwinua mtoto mbele ya uso wangu, nikaanza kumwita jina lake, kwa sauti yangu yote, nikimchekea, nikimrusharusha, nikamwita na kumwita bila kupumzika, ili wasimsikie mama yake.